Habu ya Kushoto

Gari la baba tulilikuta limefungwa kamba kwenye gurudumu la mbele, kamba ya kufungia ngamia, na ncha ya pili imezungushwa kwenye shina la mgunga. Pande zote kulikuwa na boma la miiba, matawi yake bado mabichi. Milango ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake, gunia la unga lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, na viatu vya kaka yangu vilikuwa chini ya usukani, kimoja kando ya kingine, kama alivyozoea kuviacha mlangoni mwa msikiti. Kaka mwenyewe hakuwepo. Wafugaji waliokuwa wakililinda gari walisema hawakumwona mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mvua ile kubwa iliyoufanya mji wa Garissa kuwa kisiwa. Lakini ni lazima nianze na gari, kwa sababu asiyelijua gari hataelewa kinachotusumbua mpaka sasa.

Baba alilinunua miaka michache kabla ya mvua. Alikuwa amekulia nyuma ya ngamia, kaskazini, upande wa Buna, kisha akahamia Garissa akawa mfanyabiashara wa mifugo. Wenzake sokoni walitarajia anunue lori, au angalau pikapu. Alirudi kutoka Nairobi na gari dogo jeupe, fupi, lenye milango miwili na kamlango ka nyuma, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wanaume wa ukoo wetu ni warefu. Walipoingia humo, magoti yaliwafika kidevuni.

"Waryaa, umenunua gari au mtoto wa gari?" rafiki yake mmoja, mwenye lori, alimuuliza mbele ya watu. "Mama yake yuko wapi? Bado ananyonya?"

"Ananyonya petroli," baba alimjibu, "tena kidogo kuliko hilo lako. Tutaonana mvua ikinyesha."

Walionana kweli. Mvua ya kwanza, lori la rafiki lilizama njia ya Wajir na gari letu likapita pembeni yake, likiruka kama mbuzi, baba akipiga honi. Tangu siku hiyo kicheko kikageuka kuwa maombi ya kuliazima. Gari lile lilibeba wagonjwa, maharusi, mitungi ya maji, kondoo wawili wa sadaka wakiwa wamelazwa nyuma na vichwa vyao dirishani. Miiba ilitoboa tairi kila safari, na siku za joto injini ilichemka mpaka ikabidi tusimame na kuifungulia boneti ipate upepo. Hakuna aliyelalamika. Hata mama, aliyelichukia mwanzoni, alikuwa akilifuta vumbi kwa ukingo wa shuka yake.

Alilichukia kwa sababu ya chapa. Wiki gari lilipofika, baba alichukua chuma kile kile cha kuwatia ngamia wetu alama, akakipasha moto uani, akakigandamiza kwenye madigadi ya mbele. Rangi ilifura, ikaungua, ikanuka mtaa mzima.

"Umelichoma gari jipya!" mama alipiga kelele.

"Mali isiyo na chapa ni ya atakayeikuta," baba alisema. "Sasa likipotea, litarudi."

Aliyetufundisha kulitumia ni fundi mmoja Mkamba mwenye gereji karibu na soko. Alituchuchumaza mbele ya gurudumu la mbele, akatuonyesha kitu cha duara katikati yake, kidogo kama kifuniko cha birika, chenye mshale. Alikiita habu. Kulikuwa na habu kulia na habu kushoto. Gari lilipokuwa barabara nzuri, habu ziliachwa wazi na gari likasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kabla ya kuingia matopeni ilibidi dereva ashuke, azungushe habu zote mbili kwa mkono mpaka mshale ufike mahali pa kufunga, ndipo arudi ndani na kuvuta gia ndogo.

"Mzee, ukifunga moja ukasahau ya pili, hiyo gia ndogo ni pambo," fundi alisema. "Gari itavuta na nyuma peke yake."

"Mimi sisahau, fundi," baba alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nabenda hii gari. Nakwenda nayo bole bole."

Ili asisahau, alijitengenezea desturi. Alishuka, akaenda kulia kwanza, akazungusha na kusema Bismillahi. Akapita mbele ya boneti, akafika kushoto, akazungusha na kusema Alhamdulillahi. Alimfundisha kaka vivyo hivyo, na kaka hakuwahi kuibadilisha. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, hata mahali pasipo na matope, kwa mzaha, akitamka maneno yale kwa sauti nzito ya baba mpaka mkewe akashika mbavu.

Kaka alikuwa mkubwa wetu. Alisimamia duka la baba, na mkewe aliishi nasi uani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo mjini. Dada yetu mwingine aliolewa upande wa Kotile, kusini, mwendo mrefu kuufuata mto.

Mvua ilipokuja haikukoma. Barabara ya Nairobi ilikatika, mto ukaingia mashambani, na mbuzi na kondoo wakaanza kufa kwa homa. Kisha homa ikaingia kwa watu. Shule ilifungwa. Siku moja mtu aliyekuja kwa miguu na kwa mitumbwi alituletea salamu kwamba dada yetu wa Kotile amelala, anatapika, na zahanati ya huko haina dawa.

Mvua ilipopumua kidogo, kaka aliweka dawa kwenye mfuko wa nailoni, akatupa gunia la unga kiti cha nyuma. Mkewe alisimama mlangoni na kuyatazama matope uani.

"Ukirudi na matope hayo," alimwambia, "utalala nje na gari lako."

"Nitalala ndani yake basi. Litanikumbatia kuliko wewe."

"Jaribu uone."

Baba hakumuuliza atarudi lini. Kwetu ngamia wa maziwa akiazimwa kwa mwenye shida, mwenye ngamia hataji siku ya kurudi, kwa sababu kuitaja ni kama kumwambia mtu afanye haraka na shida yake. Baba aliliazima gari kwa sheria hiyo hiyo, hata kwa mwanawe. Kwa hiyo kaka alipochelewa hatukuwa na siku ya kuanza kuogopa. Mama alianza mapema. Baba alisema njia ni mbaya, amekwama mahali, anakula unga wa dada yake. Mvua ilirudi, na hapakuwa na njia ya kumfuata.

Habari ililetwa na chapa. Mfugaji aliyeuza ngozi mjini alisema kuna gari dogo, kule ng'ambo ya korongo moja kabla ya Kotile, lenye alama ya ngamia wetu, na kwamba watu wa boma fulani wanalilinda. Ardhi ilipoanza kukauka, yule rafiki wa baba mwenye lori, aliyewahi kumcheka, alikuja mwenyewe asubuhi na kusema, "Panda." Baba alipanda. Mimi nilipanda pia, kwa sababu wanawake wa boma wasingezungumza na wanaume wageni.

Nimeshasema tulichokuta. Nieleze sasa walichokuwa wamefanya.

Watu wale walikuwa wamelitendea gari kama wanavyomtendea ngamia wa mtu aliyepotea. Waliona chapa, wakajua ni la watu fulani wa mbali. Walilifunga kamba mguu wa mbele lisiende. Walikata miiba, wakalizungushia boma ili fisi wasitafune matairi na mbuzi wasipande boneti. Kisha walihamishia mifugo yao karibu ili kuwe na macho usiku na mchana. Hawakugusa unga, na ile ilikuwa miezi ya njaa, watoto wao wana matumbo ya njaa. Mzee wa boma alimshika baba mkono na kumwambia, "Adeer, mali yako hii hapa, haikupungua kitu."

Baba alitazama chini.

Ni lazima mtu aelewe kwamba baba, kama wazee wengi waliokulia porini, alisoma ardhi kama mimi ninavyosoma gazeti. Alikuwa anaweza kukuambia ni ngamia gani alipita, ana mimba au hana, na ni jana au juzi. Kama udongo wa pale ungeachwa, ungemwambia kila kitu: kaka alishuka upande gani, alisimama wapi, kulikuwa na miguu mingine au hapana, aliondoka akitembea au akikimbia, au kama aliondoka kwa miguu yake kabisa. Lakini pote palikuwa na kwato. Mbuzi, kondoo, ngamia, nyayo za wanawake waliokokota miiba, za watoto. Wema wao ulikuwa umefagia habari yote.

Nilimwona akielewa. Nilimwona pia akikumbuka adabu. Alimgeukia mzee wa boma.

"Allah akulipe kheri," alisema. "Umenifanyia jambo ambalo ndugu angelifanya."

Kisha alikwenda nyuma ya gari, mahali ambapo mzee hakuweza kumwona uso, akaketi chini katika zile kwato.

Mwenye lori ndiye aliyeziona habu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama nusu, ya mbele yako juu mahali pagumu. Habu ya kulia ilikuwa imefungwa. Habu ya kushoto ilikuwa wazi.

Tulisimama wote watatu tukiitazama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kaka alikwama, akavua viatu, akashuka pekupeku matopeni. Akaenda kulia, akasema Bismillahi. Akaanza kupita mbele ya boneti kuelekea kushoto. Hakufika. Kuna kitu, au mtu, kilichomkuta katika zile hatua chache, kwenye miaka ambayo njia zile zilikuwa na majambazi wengi kuliko magari.

Mfuko wa dawa haukuwa ndani ya gari.

Wakati wanaume wanavuta gari kwa lori, niliketi na wanawake. Walinipa chai isiyo na maziwa, wakaniomba radhi kwa hilo. Niliwauliza nani alifunga ile kamba. Aliyeifunga alikuwa mke wa mzee, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa. Ilikuwa gurudumu la kushoto.

"Abaayo, dada yangu," nilimwambia, "ulipofunga, ulishika pale katikati?"

Alifikiri. Alinyoosha mkono hewani, akaukunja, kama anayeshika goti la ngamia.

"Nilishika kila mahali, kamba ilikuwa inateleza. Pale katikati kuna kitu kama kifuniko. Nadhani kilizunguka. Au ni mkono wangu ulioteleza, ulikuwa na matope. Kwa nini, ni kibaya?"

"Si kibaya," nilisema.

Nilimweleza baba njiani, na tulipofika nyumbani nilimweleza mke wa kaka. Alinisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa na akili ya haraka kuliko sisi wote.

"Kama kilizunguka mkononi mwake," alisema, "basi mume wangu alifunga zote mbili. Alimaliza. Akavuta gia, gari likakataa, akachukua dawa akaenda kwa miguu. Aliondoka mzima."

"Ndiyo."

"Na kama hakikuzunguka, alikatizwa pale pale."

"Ndiyo."

"Abaayo, kilizunguka au hakikuzunguka?"

Alimuuliza kila mtu swali hilo. Alimuuliza fundi Mkamba, ambaye alitazama ile habu kwa muda mrefu bila kuigusa, kisha akasema zile za zamani hulegea, mkono wenye nguvu unaweza kuizungusha bila kujua. Au usiweze. Alikwenda kwa kadhi kuuliza akae eda au asikae. Kadhi alimwambia eda haianzi kwa dhana, asubiri mpaka kuwe na yakini au mpaka muda wa sheria upite, kisha arudi. Muda huo ulipopita baba mwenyewe alimwambia yuko huru kuolewa. Hakurudi kwa kadhi. Mpaka ninapoandika haya hajavaa nguo nyeupe za eda, wala hajapaka hina.

Dada yetu wa Kotile alipona bila dawa. Tuliwatafuta watu kando ya mto wote, tukauliza katika kila boma, na wavuvi wa ng'ambo, na waliokuwa na mitumbwi siku zile. Hakuna aliyemwona mwanamume pekupeku mwenye mfuko wa nailoni. Hakuna aliyemzika.

Gari lilikaa uani. Baba hakuruhusu mtu azishike habu, na kwa kuwa hazikuguswa, hakuliendesha tena. Watoto walikatazwa kulikaribia. Mama aliacha kulifuta vumbi.

Kiangazi kilichofuata niliomba ruhusa shuleni, nikapanda lori la yule rafiki wa baba, nikarudi kule kwenye korongo. Nilitaka kumleta yule mwanamke Garissa, ashike habu kwa mikono yake, tuone mkono wake unakumbuka nini. Boma la miiba lilikuwepo, limekauka, katikati yake pana nyasi kidogo. Boma la watu lilikuwa majivu baridi. Majirani walisema mvua ilipokwisha na mifugo iliyobaki ikapata nguvu, walihama. Wengine walisema wamekwenda Ijara ndani, wengine wakasema wamevuka mpaka. Hakuna aliyejua ni wapi.