Niliomba chuo kikuu Ulaya nikiwa na darasa la sita, na sababu yangu niliisoma kwa sauti posta ya Bukoba

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu wote, wanaochangia na wanaopita kimyakimya kusoma tu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Kama humu yumo mtu wa Kagoma au Nshamba wa umri wangu, akiona nimekosea anisahihishe hapahapa mbele ya watu. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mjukuu wangu, Asimwe. Wiki iliyopita nilikwenda kwake Hamugembe, nikamkuta na laptop mezani, anaomba chuo nje ya nchi. Form imemuuliza: kwa nini unataka kusoma kwetu? Naye amejibu kwamba tangu akiwa mtoto mdogo alikuwa akikiota chuo hicho.

Nikamuuliza, "Asimwe, hicho chuo umekijua lini?"

"Juzi, babu. Nilikiona kwenye simu."

"Sasa utotoni ulikuwa unaota nini?"

"Babu nawe! Ndivyo wanavyotaka. Kila mtu anaandika hivyo."

Kila mtu anaandika hivyo. Maneno hayo niliambiwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita na bwana mmoja mwenye tai, na yalinichefua siku ile kama yalivyonichefua wiki iliyopita.

Kaeni vizuri.

Mimi ni mtu wa Kagoma, Muleba. Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Lilipita lori la kahawa, dereva akauliza nani anajua kufunga turubai, nikasema mimi. Sikuwa najua. Nikajifunza njiani.

Tangu hapo nimekuwa utingo, nimebeba magunia gatini Bukoba, nimelima vibarua Karagwe, nimekaa duka la mtu Nshamba. Mahali pakinichosha naondoka. Watu wa kwetu waliniita mzururaji na sikubishana nao.

Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilitaka kujua kila kitu. Nilisoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, hata ya kufungia sukari.

Na ilikuwa karatasi ya sukari kweli.

Enzi hizo magazeti ya zamani yaliuzwa kwa wenye maduka, wanayachana na kufungia bidhaa. Siku moja pale Nshamba nikakuta ukurasa wa jarida la Kiingereza. Una picha ya nyumba ya vioo, kubwa kama kanisa. Nje theluji. Ndani mgomba, na mzungu mwenye tai ameshika jani lake kama anayempima mtoto homa. Chini ya picha yameandikwa maneno madogo, na katikati ya maneno hayo nikaliona neno moja ninalolijua: Bukoba.

Nilikaa na kamusi mbovu ya mwenye duka siku tatu mpaka nikaelewa. Chuo kikuu cha huko kilikuwa kimechukua mgomba kwetu na kuutunza ndani ya vioo. Hata theluji ikishuka, wao wana mgomba.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hilo halikunitoka kichwani.

Kibanja cha mama yangu kilikuwa kinakufa. Kwa msio wa huku, kibanja ndiyo shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kahawa imo humohumo. Ni chakula, ni pombe, ni makaburi ya watu wetu. Migomba ya mama ilikuwa inaanguka kabla ya kuzaa. Unaisukuma kwa mkono inalala.

Bwana shamba alikuja, akaangalia, akasema kata yote, choma, panda kitu kingine.

Mama akamjibu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, mume wangu amelala katikati ya migomba hii. Nikiikata, yeye nitamfunika na nini?"

Bwana shamba akatoa kalamu. Akaandika kitu kwenye daftari akaondoka.

Kwa hiyo nilipoiona ile picha nilijiambia: hawa watu mgomba wetu uko kwao kwenye barafu, na una majani ya kupendeza. Wa mama uko kwenye ardhi yake na mvua yake, na unakufa. Kuna kitu wanakijua. Nitakwenda kukichukua.

Nikaandika kuomba form. Ikaja! Kupitia sanduku la posta la mwenye duka. Nusu ya Nshamba ilikuja kuigusa.

Form ilitaka muhuri wa ofisi ya elimu. Nikapanda lori hadi Bukoba kumwona bwana elimu. Huyu ndiye yule wa tai. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, kila ukuta una maneno ya kujitegemea, na yeye alikuwa na picha ya jembe nyuma ya kiti chake.

Akaangalia form, akaniangalia mimi. "Cheti chako cha kidato cha sita?"

"Darasa la sita, mzee."

Akacheka mpaka akavua miwani. Sikuondoka. Nilipoendelea kusimama tu, nadhani akanionea huruma. Akasema, "Haya, hata ungekuwa na cheti. Hapa pa kueleza sababu ungeandika nini?"

Nikamwambia habari za mgomba.

"Acha upuuzi. Andika: nataka kupata elimu ya juu ili nirudi kulijenga taifa. Vijana wote waliopita hapa wameandika hivyo."

"Na waliokwenda wamerudi, mzee?"

Akavaa miwani yake. "Muhuri wa serikali haugongwi kwa darasa la sita. Kalime."

Nikatoka bila muhuri. Wakuu, hasira niliyokuwa nayo siku ile ningeweza kuvuka ziwa kwa miguu. Taifa nalipenda, magunia yake nimeyabeba kwa mgongo huu. Lakini yule bwana alitaka niseme uongo kwa kutumia jina la taifa, na ukweli wangu akauita upuuzi.

Nikakaa nje ya posta, nikajaza kwa Kiswahili. Makusudi. Kama waliweza kubeba mgomba wetu hadi kwao, basi watafute na mtu wa kuwasomea lugha yetu.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani Mhaya peke yake angelifanya.

Kwetu mgeni akiingia hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, tunaiita akamwani. Huvunwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa. Mnatafuna pamoja, ndipo maneno yanaanza. Ukienda kuomba jambo zito bila hiyo, umekwenda mikono mitupu. Nami nilikuwa naomba jambo zito kwa watu ambao sitawaona. Nikafunga punje nane kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, nikatia ndani ya bahasha pamoja na form.

Dirishani alikuwepo Mzee Salum, mtu wa mjini, asili ya pwani, kanzu safi, anamjua kila mtu. Akaipokea bahasha, akaitikisa.

"Rwegasira, humu mna nini?"

"Barua, mzee."

"Barua hailii."

Foleni nyuma yangu ikaanza kucheka. Ikabidi nifungue. Alipoziona zile punje uso ukambadilika. Siku hizo magendo ya kahawa yalikuwa moto. Kahawa yote ilikuwa lazima ipite ushirika, na watu walikuwa ndani kwa magunia yaliyovuka mpaka. Kukutwa na kahawa mahali pasipo pake ilikuwa kesi.

"Unapeleka kahawa Ulaya kwa bahasha?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni ya kutafuna, mzee. Ni ya salamu."

"Na barua inasema nini? Isije ikawa mmepatana bei."

"Isome."

"Haramu mimi kusoma barua ya mtu. Isome wewe, nisikie."

Ningeweza kuchukua bahasha yangu nikaondoka. Foleni ilikuwa ndefu, na miongoni mwao walikuwapo vijana wa sekondari wenye viatu vyeusi. Nikageuka, nikawatazama wote, nikasoma kwa sauti. Nayakumbuka maneno yale kama sala:

"Wakubwa wa chuo. Mmeuliza kwa nini nataka kusoma kwenu. Mgomba wa Bukoba uko kwenu na theluji iko nje, nao unaishi. Wa mama yangu uko kwao nao unakufa. Nataka kuona mnaufanyaje. Vyuo vingine sivitaki kwa sababu havina mgomba wetu. Mkinifundisha hilo moja nitarudi nyumbani. Shahada mnaweza kubaki nayo."

Posta ilipasuka kwa vicheko.

"Ee Bwana! Anakwenda Ulaya kusomea ndizi!"

"Akirudi atatufundisha kumenya!"

"Mwacheni Profesa wa Migomba apite!"

Nilisimama palepale. Masikio yananiwaka lakini sikuinamisha kichwa.

Ndipo mama mmoja mwenye kikapu, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, akasema bila kucheka, "Waitu, Ta Rwegasira, waambie na yangu inakufa. Waambie si ya mama yako tu."

Vicheko vikakatika. Mtu mwingine akasema, "Na ya kwetu Kamachumu." Hata wale wa viatu vyeusi wakatazama chini, maana nao walitoka kwenye vibanja.

Mzee Salum akaniuliza, "Kahawa hii ni biashara au heshima?"

"Heshima."

"Basi heshima huanza na aliyepo." Akachukua punje moja, akatafuna. Akampa yule mama, akawapa wa nyuma. Zikabaki mbili. Akazifunga tena kwenye jani lake, akabandika bahasha mwenyewe kwa gundi. "Magendo ya punje mbili hayamo kwenye kitabu changu. Nenda."

Nikaenda Kagoma kusubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nipande lile lori, nilikaa nyumbani. Mama alikuwa akiniuliza kila aliposikia baiskeli, "Wamejibu kuhusu migomba?" Yeye habari ya chuo hakuwa nayo kabisa. Alitaka dawa.

Mvua zikapita, zikarudi. Barua ikaja, kwa Kiswahili kilichonyooka kama suruali ya pasi.

Aya ya kwanza: wanasikitika, sina vyeti, hawawezi kunipokea.

Aya ya pili: wanashukuru kwa mbegu mbili za kahawa. Wamezipanda kwenye chungu chenye joto, wanazimwagilia kila siku, ni mwezi wa tano sasa na hazijaota. Je, nawashauri udongo gani?

Wakuu, nilicheka nikakaa chini. Walipanda akamwani! Kahawa iliyochemshwa!

Aya ya tatu ikanifuta kicheko. Mgomba wao haujawahi kuzaa. Tangu ulipoletwa ni majani tu. Wala hawajui kama ni wa kupika au wa pombe. Je, mama yangu anautunza namna gani?

Yaani hapo juu wamekataa kunifundisha, na hapo chini wanaomba niwafundishe. Karatasi ileile, mkono uleule.

Nikamsomea mama. Akasema, "Kumbe wananiuliza mimi?"

"Ndiyo, mama. Hawajui."

"Hata wao?"

"Hata wao."

Akainuka akachukua panga lake. "Basi tusimsubiri mtu."

Mwaka ule nilizurura kwa kazi maalumu. Nilipita vibanja vya Muleba hadi Bukoba, nikitafuta migomba iliyosimama na kuwauliza akina mama wenyewe: unatandika nyasi lini, samadi unaweka wapi, chipukizi unapata kwa nani. Nilibeba chipukizi kutoka Nshamba begani. Nusu ya kibanja tuliiokoa, pamoja na sehemu aliyolala baba. Nusu ilikufa, sitawadanganya.

Na wale wa Ulaya niliwajibu. Niliandika hivi:

"Kahawa niliyowatumia ilikwisha kuchemshwa, haioti hata mkiiombea. Mlitakiwa kutafuna punje moja moja, kisha ndipo mnijibu. Kuhusu mgomba, nitawaeleza yote. Ila kwanza jazeni nafasi hii: kwa nini mnataka kujua? Msizidishe ukurasa mmoja. Na msiniandikie habari za kujenga taifa."

Nilipompa Mzee Salum barua ile aliitikisa. Haikulia. Akasema, "Leo umekwenda mikono mitupu." Nikamwambia leo si mimi ninayeomba.

Walijibu. Sikutegemea. Yule mwenye tai wa kwenye picha aliandika mwenyewe, mtu mwingine akamtafsiria chini. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii tu:

"Kwa sababu hatujui."

Sijaona jibu bora zaidi ya hilo kwa swali lile. Nikakaa siku mbili nikawaandikia yote: kwamba kwa jani lile ni enshakala, wa kupika, kwamba mgomba hautaki vioo, unataka ng'ombe karibu na nyasi miguuni. Chuo kikuu sijakikanyaga mpaka leo, na sijajiona pungufu kwa hilo.

Nililojifunza ni hili. Wakikuuliza kwa nini unataka kwenda mahali fulani, taja kitu usichokijua kinachokunyima usingizi, na useme kwa nini unadhani jibu liko kwao. Wakikucheka, endelea kusoma mpaka mwisho wa barua. Wakikukataa, wamekataa ukweli wako, na ukweli huo bado unao mkononi, utautumia kwingine. Uongo ukikataliwa unabaki na nini?

Hayo ndiyo niliyomwambia Asimwe pale Hamugembe. Alinuna kidogo, kisha akafuta ile habari ya kuota tangu utotoni, akaanza upya: Sijui kwa nini. Akaandika muda mrefu. Nilipoinama kutazama, akaifunga laptop.

"Babu, hii siisomi posta."

Nikamwacha.

Haya, ninyi mliosoma nje na mnaoomba sasa hivi: pale kwenye ile nafasi mliandika nini? Na kweli yenyewe ilikuwa nini? Wekeni hapo chini. Wanaotaka kucheka pia wakaribie, nimeshachekwa na foleni nzima.