Kwetu Kila Mtu Alijitambulisha Mlangoni

Harufu ya sambaza, wale dagaa wa Kivu, wakikaangwa kwa mawese hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa natembea kando ya ziwa na wenzangu wa kazini, jiko la mama mmoja likanikamata puani, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Wenzangu wakasonga mbele. Mimi nilikuwa nimesharudi Mbugangari, mtaa wa Gisenyi nilikokulia, kwenye mlango wetu uliokwaruza sakafu kila ulipofunguliwa, nimenyoosha shingo, najitambulisha.

Ngoja niwaeleze hilo la kujitambulisha, maana nikiwa mdogo nilidhani ndiyo kawaida ya kila nyumba.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameishi miaka mingi Karagwe, Tanzania, na ndiyo maana Kiswahili kilikuwa na kiti chake nyumbani kwetu, karibu na Kinyarwanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kupenda chai iliyozidiwa na maziwa, na akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha akaanza kusahau. Alisahau funguo, akasahau sufuria jikoni, mwishowe akatusahau sisi. Mtu akiingia sebuleni Bibi alishtuka, akakunja mikono kifuani, akauliza swali ambalo wazee wetu humuuliza mtoto yeyote wasiyemfahamu: wewe ni wa nani? Baba alikuwa akijibu, "Mama, ni mimi, hunijui?" na hapo Bibi alizidi kuogopa. Kuna siku alikataa kula kabisa. Alisema nyumba imejaa watu asiowajua, na yeye hali chakula cha watu asiowajua.

Mama ndiye aliyepata njia. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia kwamba mzee wa hali ile hapewi mtihani. Mama akarudi nyumbani na sheria: anayeingia, awe nani, asimame mlangoni, aseme jina lake, yeye ni wa nani, na kilichomleta. Asingoje kuulizwa na Bibi.

"Ni heshima tu," Mama alituambia. "Anayeingia kwa mkubwa hujieleza."

Basi tukajieleza. Mimi nilisema, "Mimi ni Umutoni, mtoto wa Kalisa mwanao. Nimetoka shule, nina njaa." Baba mzima, na tai yake shingoni, alisimama mlangoni akasema, "Mimi ni Kalisa mwanao, nimetoka kazini." Muuza maziwa alijieleza. Mchungaji naye alijieleza, kwa kirefu, mpaka Mama akamkatisha kwa kikombe cha chai. Na Bibi akishasikia, mabega yalishuka, akasema, "Karibu, kaa," akawa mwenye nyumba tena. Chakula akaanza kula. Akanipa na kazi, ya kumenya naye njegere mkekani, na vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Nilizipenda sana saa zile.

Aliyekwama alikuwa Shangazi Vumilia. Huyu ni dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Goma, na kila wiki alivuka mpaka kuja kununua nyanya na vitunguu vya kuuza kwake. Kabla ya kurudi alipita kwetu, nguo zikinukia mawese na sambaza, sauti ikifika kabla yake. Aliposikia habari za sheria alicheka. Alipoona Mama hacheki, akaacha.

"Mi nijitambulishe kwa mama yangu?" alimwambia Mama kwa Kiswahili chake cha Goma. "Ule alinizaa! Mi siko mugeni hapa. Wewe ndiye ulikuja kuolewa."

Shangazi akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi, akamshika uso kwa mikono miwili. "Mama, niangalie muzuri. Mi ni nani? Sema jina yangu."

Bibi alimtazama. Nilimwona akitafuta, anatafuta kweli. Kisha macho yakajaa machozi, akaitoa ile mikono usoni pake, akamgeukia baba. "Mwambieni huyu mama aende. Ananitisha."

Shangazi alibeba beseni lake la nyanya akaondoka. Wiki iliyofuata hakupita, wala ile nyingine, na baba akimpigia simu mazungumzo yalikuwa mafupi. Hakuna aliyesema wazi, lakini hata mimi nilijua tulichokuwa tunaogopa: kwamba Bibi angetutoka Shangazi akiwa bado ng'ambo ya mpaka, amenuna.

Ndipo Jumamosi moja baba akanishika mkono tukaenda Goma. Hakunifundisha la kusema, naapa. Tulivuka, tukapita mitaa ya mawe meusi ya volkeno, baba akabisha. Shangazi akafungua, akasimama mikono kiunoni. Baba akatazama viatu vyake. Mimi nikafanya kile nilichozoea kufanya mlangoni.

"Mimi ni Umutoni, mtoto wa Kalisa mdogo wako. Nimetoka Gisenyi. Nimekuja kukusalimia, na sambaza nakula."

"Eh! We mutoto!" Shangazi akasema. "Mi nakujua tangu kuzaliwa. Unajitambulisha ya nini?"

"Najua unanijua, Shangazi. Lakini si ndivyo watu wanavyoingia?"

Alicheka hadi akakaa kizingitini, na kabla hajamaliza kucheka akaanza kulia, nami nikaingiwa na hofu kwamba sambaza hakuna tena. Nilipewa sahani nzima.

Siku chache baadaye nilikuwa mkekani na Bibi, tunamenya, mlango ukakwaruza. Shangazi alisimama pale bila beseni, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mama akatoka jikoni, akabaki amesimama na mwiko mkononi.

"Mi ni Vumilia," Shangazi akasema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Mutoto yako wa kwanza. Nimetoka Goma. Nimekuja kukusalimia, mama."

Ningependa kuwaambia kwamba Bibi alimtambua. Hakumtambua. Alimtazama kwa upole, akapapasa mkeka kando yake. "Karibu, kaa. Hata mimi nina binti anaitwa Vumilia."

Nikafungua mdomo niseme, ndiye huyu! Mama akanibana bega.

Shangazi akaketi taratibu. "Ni mutoto muzuri, ule?"

"Ana kelele huyo!" Bibi akasema, akacheka. "Lakini kule Karagwe, nilipougua, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Akateka maji, akapika, na yeye mwenyewe mtoto. Yeye ndiye aliyetulisha. Sikumwambia neno. Zamani hatukuwasifu watoto, tuliogopa watavimba kichwa. Ukikutana naye huko Goma, mwambie mama yake anamshukuru."

Shangazi aliinama, akachota njegere kutoka kwenye ungo. "Nitamuambia," akasema, akaanza kumenya.

Wiki iliyofuata alirudi, akaendelea kuja miaka yote Bibi aliyokuwa nayo. Kila mara alijitambulisha, na kila mara Bibi alikuwa na binti wa jina hilo, na habari zake tele: alivyomkimbiza beberu wa jirani, alivyolia siku ya kuolewa, alivyoacha pengo nyumbani alipokwenda. Siku nyingine Shangazi alicheka mpaka Mama akaja kutoka jikoni kusikiliza, na wale wawili wakaanza kupikiana. Nyumba yetu ilikuwa na raha, nawaambieni.

Wakati ule nilimwona Shangazi kuwa mtu mwema sana, kupanga foleni ya mpaka kila wiki aje kumtuliza mgonjwa asiyemjua. Nilikuwa mtu mzima, na wote wawili wamekwisha kwenda, nilipoelewa kwamba pale mkekani aliyekuwa anatulizwa ni Shangazi mwenyewe.