Kuku Bila Chakula

Baba, aliyekuwa polisi, alipopatikana na kisukari, daktari wake wa hospitali ya Lubaga alimkataza matoke, posho yaani ugali, na wali, ambavyo kwetu ndivyo chakula; vingine vyote, hata kuku, ni mboga tu. Mama akawa anamkaangia vipande vya kuku kwa kabichi na pilipili nyingi.

Jumapili moja mchana, gari lilisimama mlangoni petu, Kamwokya. Wanaume wawili wenye miwani nyeusi waliingia bila hodi. Mmoja akachungulia sahani ya baba.

"Mzee, mbona unakula mboga bila chakula?"

"Ni ugonjwa. Nimekatazwa."

"Na daktari gani?"

Baba aliacha kutafuna. Wiki ile madaktari kadhaa walikuwa wamekamatwa wakiwa kazini na watu wa serikali kama hawa, na hawakurudi.

Mama akatokea jikoni na mwiko wake. "Ni mimi niliyemkataza, wanangu. Amenenepa mno."

Wakacheka, wakaketi, wakamaliza kuku wote huku jasho likiwatoka, kisha wakaenda zao.

Baba alirukia baiskeli hata kabla ya kunawa, akaenda kumwonya daktari. Aliporudi alitusimulia. Alikuta mlango wa nyumba ya daktari wazi, redio inaimba, na chai mezani bado ina moto. Kama daktari alikimbia au alichukuliwa, hatukujua kamwe.