Mama Nyuma ya Shujaa

Mpaka rangi wetu Mfilipino, hapa gereji ya Wattaya, huku ugenini, mimi simwamini. Kila saa ya chakula hujibanza nyuma ya magari, akafunua kitambaa na kuendelea kuchonga mnara mdogo wa shujaa wa taifa lao kwa ile fila ya kuzibia mabonyeo ya bodi za magari. Shujaa amesimama mbele na koti refu, kitabu mkononi. Huyo alimmaliza zamani, hadi vifungo. Nyuma yake kuna mama amempakata mtoto, na mama huyo ndiye anayenitia shaka. Uso wake umekamilika, lakini kila siku humkwangua kisogo kwa msasa, akakijaza upya. Arbab, bosi wetu, akipita, vidole vyenye rangi humfunika mama, si shujaa. Nikasema huu ni uganga, kuna mtu analogwa. Jana nikamkabili.

“Unamficha nani?”

Hakuinua macho. “Shujaa alikuwa safarini, mama akabaki kulea. Nimemchonga mke wangu. Kwenye simu namwona kila siku, lakini uso tu. Kisogo chake nimekisahau.”

Nilitaka kumcheka. Nikajaribu kukumbuka kisogo cha Velma, mke wangu aliyebaki Nakuru. Kikakataa kuja. Nikarudi kazini.