Siku Baba Alipomrusha Tai

Baba yangu aliongoza watalii mlimani mpaka magoti yalipomgomea. Niliporudi kuishi nyumbani, kijijini Kilema chini ya mlima huo, alizoea kukaa nyuma yangu mchana, akinitazama nikicheza gemu ya mtandaoni yenye wachawi na mazimwi. Mhusika wangu alikuwa amefika ngazi ya juu kabisa, na alikuwa na tai mkubwa wa kupanda, aliyempeleka popote nilipotaka.

"Huyo tai ulimpataje?" baba aliniuliza.

"Nilianza kwa miguu, baba. Unamaliza kazi zote gemu inazokupa katika nchi nzima, ndipo unafunguliwa tai, unaruhusiwa kumpanda."

"Basi anza tena. Nataka kuiona hiyo njia."

Nikaunda mhusika mpya, asiye na kitu. Tulitembea kwa miguu, tukapata punda, halafu farasi. Mahali nilipopita mbio zamani, baba alinisimamisha: tazama ule mto, tazama miti inavyopungua tukipanda. Sikuwahi kuviona.

Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, tukafunguliwa tai. Nilimpa baba kipanya na kumwonyesha pa kubonyeza. Tai akakunjua mabawa, msitu ukadidimia, tukapenya mawingu, na vilele vyeupe vya theluji vikatokea chini yetu.

"Yesu na Maria," baba alinong'ona. "Miaka yote ile mlimani, sijawahi kutazama kilele nikiwa angani juu yake."

Hakutua mpaka mama alipotuita kula. Nami nilisimama kando yake, mwili ukinisisimka, kama mtu ambaye hajawahi kuruka.