Mchanga Juu ya Kromu

Fabien wa Kadutu alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya, na Dzaleka nzima, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, ilijua vyote viwili. Kule Bukavu alikuwa fundi wa pikipiki. Hapa kambini alitengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubebea abiria, kazi aliyoona imemshusha. Hasira za kushushwa huko alizimalizia kwa mkewe Dévote, Mrundi mpole aliyemzalia binti mmoja, Douce.

Alianzia kwenye masufuria. Kambini mama wa nyumba anapimwa kwa tako la sufuria yake: akishaosha anaianika nje kichanjani, majirani wapite waone. Ya Dévote ilikuwa na masizi kidogo. Siku moja Fabien akaiinua juu akaita watu. "Bantu, mukuye mwone! Njo mwanamuke nilioa huyu! Anapikia mutoto wangu masizi!" Wanawake waliokuwa wanatoka bombani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile Dévote alikuwa anachota mchanga mtoni, anauchanganya na majivu, na kusugua kila chombo mpaka aone meno yake ndani. Mumewe hakumsifu hata mara moja, naye hakuchoka kungoja.

Halafu, mwaka 2009, ikaja habari ya pikipiki. Bwana Kachale, mstaafu wa Area 47, mtaa wa wenye nafasi kule Lilongwe, aliachiwa na babake pikipiki ya kizamani ya Kiingereza, imelala stoo miaka na miaka. Alitaka kuipanda siku ya harusi ya binti yake. Injini ilishapata fundi. Kilichomtesa ni kromu: bomba la moshi, gidoni, yaani usukani wake, na ule mzingo wa chuma unaozunguka taa ya mbele, vyote vimeota kutu. Fabien akaitwa. Akapitisha kidole juu ya kutu, akakilamba, akasema, "Hii mi naitoa."

"Ukiitoa, bambo," Kachale akamwambia, "ile nyumba ndogo ya nyuma ni yako. Utanitunzia pikipiki na geti. Mke na mtoto uje nao."

Nyumba ya nyuma, Area 47! Jamani, asiyewahi kulala na vumbi la Dzaleka hawezi kujua maneno hayo yanaingia mpaka wapi. Fabien alirudi kambini kifua mbele, vyuma guniani mgongoni, na kabla hajalifungua gunia kila mtu alishapashwa habari. Kitanda chake akamgawia jirani Ntirampeba. Wenzake wa kabaza akawaambia, "Mi na nyinyi basi. Mutanisikia kwa mbali."

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, hilo tusimnyime. Aliokota karatasi za kung'aa za ndani ya paketi za sigara, akazifinya vidonge, akazichovya kwenye maji ya ndimu, akasugua polepole, mkono mwepesi, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kutu iligeuka tope la kahawia. Akalipangusa kwa kitambaa, akapaka mafuta, akaanza upya. Kromu ni ngozi nyembamba, ukiikwaruza imekwenda, hairudi. Fabien alilijua hilo na hakulisema. Dévote alipouliza, "Papa Douce, nikusaidie?" alimjibu, "We saidia masufuria yako." Mwisho ukabaki mzingo wa taa peke yake, una vidoa vya kutu hapa na pale. Akauweka juu ya kitambaa, akaenda Lilongwe kumwarifu Kachale kwamba kazi inaisha.

Kachale alimpokea getini wala hakumkaribisha ndani. Zikomo, zikomo kwambiri, alishukuru sana. Kisha akakuna shingo. Mpwa wake amekuja kutoka Mzimba, hana pa kukaa, na nyumba ya nyuma ameshampa. Tena mkimbizi kuishi mjini, si maofisa watakuja kumsumbua? Vyuma avilete tu, ujira wake upo. Nyuma yake mpwa mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa anaanika godoro juani.

Njia nzima ya kurudi Fabien hakuiwaza nyumba. Aliwaza watu wa kabaza. Aliwaza uso wa Ntirampeba atakapokwenda kukidai kitanda. Yeye aliyezoea kuita watu waje wamcheke mwenzake, leo zamu ni yake! Aliona heri afe kuliko kufungua mdomo aseme, "Wamenikataa."

Dévote alikuwa mlangoni anamngoja. Vidole vimechubuka, majivu mpaka viwikoni, na uso wote unacheka. "Papa Douce, angalia! Vile vidoa nimevitoa vyote, hakuna hata kimoja!" Akamkabidhi mzingo kwa mikono miwili. Ulikuwa unang'aa, ndiyo, lakini unang'aa kisufuria: mikwaruzo mitupu, kromu imevuliwa, rangi ya njano ya chini inachungulia.

Fabien aliugeuza huku na huku. Hapa ndipo mi namchukia, na nasema wazi: hakukasirika. Alipumua. Aibu aliyotoka nayo Area 47 ilipata pa kutua, maana sasa amempata wa kumtwika. Ndipo akatoka nje na kupaza sauti, ileile ya sufuria.

"Bantu! Mukuye mwone! Mama Douce ameua nyumba yetu! Amesugua kromu ya mwenyewe na muchanga!"

Watu wakajaa. Dévote akapiga magoti palepale vumbini, anashika miguu ya mumewe, anaomba, anasema hakujua. Hakuna aliyemtazama. Wote walimwendea Fabien: pole ndugu, pole sana, mwanamke gani huyo? Hakuna aliyemcheka. Ntirampeba alikirudisha kitanda jioni ileile bila kuombwa.

Bomba na gidoni Kachale alivipokea, akavisifu. Mzingo alisema Fabien akae nao, yeye ameshapata mwingine. Nyumbani Fabien alisimulia kwamba Kachale alitukana na kufunga geti. Akaupigilia mzingo msumari ukutani, mkabala na mahali mkewe anapopikia. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa: "Ile njo inatuweka hapa." Douce alikua chini ya mzingo ule, na alipojua kununa akajua na la kusema: "Si ungeacha tu kusugua, mama." Dévote hakuugusa mchanga tena. Masufuria yakarudia masizi, na Fabien akarudia kucheka.

Mwaka 2016 vumbi lilimshinda Dévote kifua. Akalala kwenye kitanda kilekile, anakohoa, amekonda amebaki macho. Alasiri moja Douce alileta uji akasimama mlangoni kuupoza, na Fabien alikuwa ameketi kando ya mgonjwa.

"Papa Douce," Dévote akasema, "uniambie kweli. Kama singegusa kile chuma, leo tungekuwa Area 47?"

Fabien alitazama ukutani. Mzingo ulikuwa umeota kutu upya, nyekundu, mahali pote palipopita mchanga. Mlangoni Douce aliacha kukoroga uji, naye anasikiliza. Fabien alikuwa ameanza kuzeeka sasa, na kambini hakuna tena aliyekumbuka maringo yake. Hakuna ambaye angemcheka.

"Tungekuwa," akasema.

Dévote alifumba macho, machozi yakatelemkia masikioni. "Basi unisamehe, papa. Nisiende na hii."

"Nimekusamehe," Fabien akasema, akamwinua kichwa anywe uji.