Kamera Mbili na Kidole Kilichokufa Ganzi

Saa tatu kasoro asubuhi. Nje ya ofisi ya usajili wa ndoa kuna benchi refu la mbao, na juu ya benchi kamera saba zimepangwa mstari mmoja, lenzi zimeelekezwa mlangoni. Wenyewe wako kando, wanakunywa chai na kutaniana. Hapa kamera ndiyo inayokaa foleni badala ya mtu. Ukiweka yako umeshika nafasi, na hakuna anayethubutu kuisogeza.

Ya nane leo ndiyo kioja. Inaenea kwenye kiganja, nyembamba, haina hata mkanda wa kuvalia shingoni. Mpiga picha mnene wanayemwita Bosi Lenzi anarudi na glasi yake ya chai, anageuka, anaanza kujishusha taratibu juu yake.

"We! We! Angalia unapoweka hayo makalio!" anapiga kelele mwenye kamera.

"Nini?" Bosi Lenzi anaruka, chai inamwagika. "Aa, hii? Mimi nilidhani mtu kasahau kiberiti chake."

Benchi zima linaangua kicheko. Mwenye kamera anacheka kuliko wote, maana kuchekesha ndiyo kazi yake. Kisha anaiokota kwa mkono wa kushoto, anaifuta kwenye shati, na tangu hapo haiachi tena.

"Wiki iliyopita niliweka kubwa, wakanipisha kwa heshima zote," anasema. "Leo nimeweka hii, wanataka kuikalia. Na mtu ni yule yule."

Mtu huyo anaitwa Mzee Cheka. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minne kati ya hiyo ameimaliza kwenye benchi hili. Jina limetokana na maneno yake mwenyewe: "Cheka kidogo, mama. Na wewe bwana harusi cheka, hujakamatwa, umeoa." Wapo watu wazima wenye watoto wao ambao humwamkia barabarani kwa jina hilo, na picha zake ziko ukutani kwao. Kabla ya mwaka jana alikuwa hakosi harusi tano kwa mwezi. Mwaka huu, hadi leo, amepata mbili.

Siku aliyoumia, mwaka jana, ilikuwa saa nane mchana, jua kali, anatoka harusini. Mkanda wa kamera alikuwa ameuzungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wapiga picha wote hufanya hivyo ili kamera isidondoke wakisukumwa na watu.

"Tunafundishana hivyo," anasema. "Mimi mwenyewe nimewafundisha si chini ya kumi. Zungusha mara mbili, kaza, hata ukijikwaa kamera haifiki chini."

Pikipiki ilikuja kwa nyuma, watu wawili juu yake. Wa nyuma aliishika kamera akavuta. Mkanda haukuachia, kwa kuwa ulifungwa usiachie. Mzee Cheka aliburutwa hadi kwenye nguzo ya taa, na hapo ndipo mkanda ulipokatika. Kamera ilikwenda zake. Mkono ulivunjika mifupa miwili, na mshipa wa fahamu ukachanika.

Mifupa imeunga. Kidole cha shahada, cha kati na gumba havijui tena moto wala baridi.

"Daktari aliniambia, mzee, shukuru mkono upo," anasimulia. "Nikamwambia nashukuru, lakini upo kama mgeni. Umekaa tu, unaangalia wengine wakifanya kazi."

Anacheka. Anasubiri nawe ucheke, na usipocheka anaangalia chini.

Wenzake hawakumtupa. Kwa miezi minane kofia ya Bosi Lenzi ilikuwa ikizunguka kwenye benchi kila Jumamosi kukusanya michango, bila Mzee Cheka kujua. Walipomkabidhi walimwambia kitu kimoja tu: nunua kamera, urudi kazini.

Kilichopatikana kinatosha kununua kimoja kati ya viwili katika duka la kamera lililo nyuma ya soko. Cha kwanza ni kamera ya kitaalamu iliyotumika, ya zile za kisasa zisizo na kioo ndani, pamoja na lenzi yake moja. Cha pili ni hiyo ndogo ya mfukoni, mpya, na kinachobaki kinanunua printa ya kuweka mezani. Muuza kamera alimruhusu aende na moja wiki ya kwanza na nyingine wiki ya pili, kisha Ijumaa ya wiki hiyo aseme anataka ipi.

Alianza na kubwa. Anakumbuka alivyoivaa shingoni asubuhi ile, uzito wake ukamkaa kifuani, mgongo ukanyooka wenyewe. Bibi harusi alipomwona tu alirekebisha shela.

Msajili wa ndoa hataki kelele za kamera wakati wa kiapo, na kamera hizi mpya zinaweza kupiga bila sauti yoyote. Mzee Cheka akaizima sauti, kama wenzake wote wanavyofanya. Kosa lake lilikuwa hilo. Kwa mtu mwingine kidole kinasikia kitufe kikizama, hivyo sikio halihitajiki. Kwake yeye kidole kimekufa ganzi, na sasa sikio nalo amelifunga.

"Nilibonyeza mara arobaini," anasema polepole. "Nimetoka nje, naangalia, zipo tisa. Kiapo kipo nusu. Pete haipo. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya kitufe, nimeinama, jicho liko pale pale, nina uhakika napiga. Kumbe nimesimama tu."

Shangazi wa bibi harusi alimfuata kwenye ngazi, akataka kuona pete.

"Nikamwambia, shangazi, zitaonekana vizuri kwenye kompyuta. Nilimdanganya. Miaka yote hiyo sijawahi kumdanganya mtu kuhusu pete yake."

Bosi Lenzi, aliyekuwa akisubiri harusi yake mlangoni, alikuwa amepiga mbili za pete kwa mazoea tu. Alimpa. Maharusi wale wamezipachika sebuleni kwao na wanamsifu Mzee Cheka kwa kila mgeni. Kila akisikia sifa hizo, anasema, anatamani ardhi ipasuke.

Si kwamba hakutafuta njia. Kubonyeza kwa mkono wa kushoto haiwezekani, kwani kamera zote kitufe kiko kulia. Kugusa skrini kwa kushoto kunamlazimu abebe kilo moja na nusu kwa mkono mgonjwa, nao unaanza kutetemeka kabla bwana harusi hajatamka jina lake. Kuhusu stendi ya miguu mitatu anajibu kwa ufupi kwamba bibi harusi hamsubiri mtu afunge skrubu.

Hiyo ndogo, kwa upande wake, ameipatia dawa. Kwa kuwa ni nyepesi, anaigeuza juu chini. Kitufe kinakuja chini upande wa kushoto, gumba la mkono wake mzima linakifikia, na picha inageuzwa baadaye. Haipotei hata moja.

Saa nne unusu zamu yake inafika. Maharusi wanatoka, mchele unarushwa, Mzee Cheka anajongea na kuiinua kamera yake miguu juu.

"Jamani, mzee kaishika kichwa chini!" anapiga kelele mtu.

Bibi harusi anageuka, anaona, anacheka mpaka anashika tumbo. Mzee Cheka anabonyeza. Anabonyeza tena. Kwa dakika mbili hizo sura yake ni ile wanayoisimulia wenzake, ya mtu aliyefika kwake.

Kisha kaka mkubwa wa bwana harusi anakuja, suti imembana, adabu zote kamili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Cheka kidogo."

"Samahani, mzee. Mpiga picha yuko wapi?"

"Si mimi hapa."

"Hapana, namaanisha mpiga picha mwenyewe. Yule wa kamera."

Mzee Cheka anamtazama. Anageuka nyuma, anampungia Bosi Lenzi mkono, na Bosi Lenzi anakuja na dude lake kubwa bila kumwangalia usoni. Picha kumi na moja zilizomo ndani ya kamera ndogo, bibi harusi akicheka meno yote nje, hakuna aliyeziulizia.

Wanaporudi kwenye benchi Bosi Lenzi ndiye anayesema.

"Chukua kubwa, kaka. Tulichanga kwa ajili hiyo. Ukikosa picha mimi niko mlangoni, nitakupa zangu."

"Utanipa zako mpaka lini?"

"Mpaka kidole kipone."

"Hakiponi."

Bosi Lenzi anakunywa chai iliyokwisha poa. Hakuna anayetania tena asubuhi hiyo.

Nyumbani ni vyumba viwili na kibaraza. Mke wake alishaamua siku nyingi, na wala hafichi.

"Mimi nilimpokea damu imefika mpaka kwenye soksi," anasema, akikunja nguo. "Sitaki tena kitu kinachoning'inia mwilini mwake watu wakivute. Hiyo ndogo anaitia mfukoni, hakuna anayejua. Arudi mzima, basi."

"Hakuna anayejua," anarudia mumewe. "Ndiyo shida yenyewe, mama. Hakuna anayejua."

Mkewe anaacha kukunja. Anasema usiku humsikia akibonyeza kitasa cha mlango, swichi ya taa, kifuniko cha chupa, kujaribu kama kidole kimeamka. Aliwahi kumkuta akilia juu ya kiberiti cha gesi. Walikuwa wamekaa miaka ishirini na saba bila yeye kumwona mumewe akilia, na hakujua afanye nini, akaenda kuchemsha maji.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Mzee Cheka yuko dukani. Muuza kamera ameziweka zote mbili juu ya kioo cha kaunta. Mzee anaomba aishike kubwa kidogo. Anaiegemeza kifuani, anafunga jicho moja, anamwelekezea muuza kamera.

"Imepiga?"

"Bado, mzee."

Anakaza bega zima.

"Sasa?"

"Bado."

"Na sasa?"

Muuza kamera anajifanya kutafuta kitu kwenye droo. Mzee Cheka anaishusha taratibu, anaifunika lenzi kwa kifuniko chake, anaisukuma upande wa pili wa kaunta.

"Nipe hiyo ndogo. Na printa."

Harudi tena kwenye benchi. Bosi Lenzi ameambiwa nafasi ampe mwingine, ingawa wenzake wanasema wataiacha wazi mpaka mwisho wa mwaka. Mpango wake sasa ni picha za vitambulisho, pasi na leseni, pale pale kibarazani. Hakuna wa kumsukuma, hakuna wa kumvuta, na mteja anayetaka picha nne za kitambulisho hajali kamera imeshikwaje. Amepiga hesabu kwamba akipata watu sita kwa siku nyumba itakwenda. Ana matumaini ya kuwapata. Analisema neno hilo, matumaini, kama mtu anayesoma karatasi aliyopewa ofisini.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo kamera zinapangwa kwenye benchi, ametundika shuka jeupe ukutani na kuweka kigoda mbele yake. Anahitaji picha ya mfano ya kubandika mlangoni, hivyo mkewe amevaa blauzi safi na kukaa.

Mzee Cheka anaigeuza kamera juu chini. Mkewe anamtazama, anaona alivyokunja uso kwa kujitahidi, na tabasamu linaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, lile ambalo mumewe amewaomba watu maisha yake yote.

Anasubiri. Gumba la kushoto liko juu ya kitufe. Picha za vitambulisho zina masharti yake, na wenye tabasamu hurudishwa.

"Usicheke, mama," anamwambia.